Mkunga na Mifunguo Tisa

Kosa ambalo karibu kila mgeni alilifanya mbele ya Mkunga lilikuwa kumtajia siku aliyozaliwa. Kidole gumba cha mkono wa kulia wa Mkunga kingeanza kutembea juu ya pingili za vidole vyenzake, macho yamepanda darini, midomo ikicheza kama ya mtu anayevuta uradi. Halafu angetabasamu. Hapo ndipo mgeni alipotambua kwamba amehesabiwa, tena si tangu alipozaliwa, bali tangu pale ambapo watu wenye adabu hawafikishi hesabu.

Mara moja tulikuwa nje ya hoteli moja ya Qurum, hapa Maskati, baada ya harusi, tunasubiri magari. Mzee mmoja mwenye cheo, kilemba kimekaa sawasawa na khanjari kiunoni, akajisifu kwamba yeye amezaliwa Rajabu, mwezi wa Miraji.

"Mwanzo wa Rajabu au mwisho?" Mkunga akauliza.

"Mwanzo kabisa, Bibi."

"Mtoto wa Idi, basi. Mama yako Idi ile alipendeza."

Mzee yule alitazama viatu vyake mpaka gari lilipoletwa.

Mimi alinihesabu wiki ile ile tulipohamia Azaiba, ukuta kwa ukuta na yeye. Alikuja na sahani ya vitumbua vya kutukaribisha, akamwuliza mke wangu umri wa kila mtu nyumbani, akafika kwangu. "Wewe mtoto wa mvua za masika," aliniambia. "Watu walikuwa hawana pa kwenda." Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na shahada ya historia ukutani, na hakuna mtu aliyewahi kunieleza kwa maneno machache hivyo kwa nini nipo duniani.

Wote tulimwita Mkunga, ingawa alikuwa amestaafu zamani. Asikudanganye mtu kwamba alikuwa bibi wa mizizi na mafusho. Alisomea kazi yake ng'ambo na akawa mkuu wa wodi ya wazazi katika hospitali ya serikali. Aliyemletea habari za dawa za kuchemsha alimwuliza, "Na gari lako likiharibika, unalichemshia mizizi?" Alikuwa na kiburi, na alikipiga pasi kila asubuhi pamoja na shela yake. Daktari kijana akimwambia "Bibi, siku hizi mambo yamebadilika," alimjibu, "Yamebadilika, mwanangu. Zamani madaktari walikuwa wakinawa mikono bila kukumbushwa."

Gari lake lilikuwa jeupe, la zamani, na aliliendesha katika njia ya mwendo kasi kwa mwendo wa mtu anayesindikiza maharusi. Nyuma yake watu wakipiga honi, wakiwasha taa. Yeye aliinua mkono na kuwapungia. "Wengi nimewazalisha mimi," alisema. Nilidhani anatania, mpaka siku moja kijana aliyetupita kwa hasira, kichwa nje ya dirisha, alipomwona akashtuka na kuita, "Aah, samahani, Mama Mkunga! Samahani!" Akarudi nyuma yetu, akatufuata polepole mpaka tulipotoka barabara kuu.

Sasa niseme habari ya hesabu yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikae kumwandika, mwanamume mwenye mvi anayeandika kuhusu mimba bila kualikwa.

Wazee wetu wa Unguja hawakuihesabu miezi kama Waarabu wanavyoitaja. Ramadhani ikiisha, watu wakafungua, mwezi unaofuata ni Mfunguo Mosi. Kisha Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, mpaka Mfunguo Tisa. Baada ya hapo ndipo Rajabu, Shaabani na Ramadhani tena. Watoto wetu hapa Maskati wanasema Shawwal na Dhul Qaada, na ukiwatajia mifunguo wanadhani unazungumza habari za funguo za gari. Mkunga alikataa kuiacha. Alisema Mungu ameweka mifunguo tisa na tumbo miezi tisa, na aliyeshindwa kuona jambo hilo alikuwa na haraka ya kwenda wapi?

Kanuni yake ilikuwa moja. Ukipewa tarehe ambayo daktari anatarajia mama atajifungua, usirudi nyuma kwa miezi ya kalenda ya ofisini. Rudi kwa miezi ya mwandamo, tisa. Hapo utaangukia karibu na siku mimba ilipotungwa. Miezi ya ofisini ni mirefu. Ukirudi nayo tisa, unapitiliza kwa kama wiki moja, unabisha hodi nyumba si yako. Na ukihesabu wiki arobaini za daktari ndiyo unapotea kabisa, maana daktari anaanza kuhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wakati tumboni hamna mtu.

"Wiki mbili za mwanzo ni za bure," alikuwa akisema. "Mwanamke anaambiwa ana mimba ya wiki mbili, na mume hata mlango hajafungua."

Kisha aliongeza jambo ambalo watu walipenda kulisahau: kwamba yote hayo ni makisio. Mwanamke mmoja mwezi wake mfupi, mwingine mrefu. Mtoto mmoja ana haraka, mwingine anapenda kukaa. "Tarehe ya daktari si miadi. Mtoto hakutia sahihi." Na aliyasema haya mwanamke ambaye ukichelewa chakula chake cha mchana kwa robo saa, ulikuta sahani zimekwisha kuoshwa.

Huyo ndiye aliyekuwa Mkunga, mtu wa pande mbili zisizosalimiana. Aliyehesabu mimba za mji mzima hakuijua ya kwake. Mtoto wake wa nne alimgundua amefika mwezi wa tano.

"Nilidhani gesi," alituambia bila haya. "Nikala tangawizi. Gesi ikanipiga teke."

Neema, binti wa Singida aliyekaa naye miaka mingi, akimpikia na kugombana naye, hakuiacha hadithi hiyo ipoe.

"Bibi, mkunga mzima unakula tangawizi!"

"Nilikuwa na kazi. Wewe nyumbani kwenu mnahesabuje, kwa alizeti?"

"Sisi kwetu tunahesabu kwa Krismasi, Bibi. Watoto wengi wa Septemba."

Mkunga alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku hiyo, Neema akimtajia ndugu yake aliyezaliwa Septemba, Mkunga alimwambia, "Mpe pole ya sikukuu."

Lakini katika kucheka kote huko kulikuwa na mpaka, na ilinichukua miaka kuuona. Alimhesabia yule ambaye hesabu ingemfanya acheke. Watu wengine aliwauliza tarehe, akawasikiliza, na kidole gumba kikabaki kimetulia. Bibi harusi fulani wa ukoo wetu alizaa mapema kidogo kuliko harusi ilivyoruhusu. Watu walimzunguka Mkunga siku ya arobaini wakitaka aseme. Akasema, "Mtoto mzuri. Ana nywele nyingi." Wakasisitiza. Akasema, "Na kucha." Mmoja akamshika mkono: Mkunga, wewe unajua. Ndipo alipotoa ule msemo wake: "Hesabu ya mkunga inaishia mlangoni. Aliye ndani ana jina lake na Mola wake."

Nikaja kuuelewa msemo huo vizuri mwaka ule dada yangu alipotaka kuuvunja mlango.

Dada ni mkubwa wangu kwa miaka kumi, anakaa Mabela, katika nyumba mpya yenye vyumba vingi kuliko watu. Mwanawe Haitham alimwoa Thuraya, msichana mpole wa sauti ya chini ambaye mpaka leo anasema "samahani" anapopokea kikombe. Miezi michache baada ya ndoa kazi ikampeleka Haitham masomoni nchi ya baridi. Thuraya akabaki na mama mkwe. Haitham akarudi siku mbili kabla ya Idi, Ramadhani inakwisha, na nyumba ikafurahi kama inavyofurahi nyumba ambayo mtu amerudi. Baada ya wiki kadhaa Thuraya akaenda kliniki, akarudi na habari njema na tarehe: anatarajiwa kujifungua tarehe tatu Januari.

Dada alifanya kama ambavyo mama mkwe yeyote angefanya. Alihesabu. Tatu Januari, rudi miezi tisa: tatu Aprili. Tarehe tatu Aprili Haitham alikuwa bado yuko kwenye theluji.

Akanipigia simu. "Wewe umesoma. Hebu nihesabie tena."

Nikahesabu kwa simu yangu, kwa uangalifu wa mtu anayejua tarehe za vita vyote ambavyo hakupigana. Tatu Aprili. Nikahesabu pia kwa wiki arobaini nilizozisoma mahali, nikaangukia Machi, nikamwambia na hiyo. Nilikuwa nimechukua shaka ya mwanamke mmoja nikaipigia muhuri mara mbili.

"Kumi la mwisho la Ramadhani!" Dada alilia kwenye simu. "Watu wako msikitini wanautafuta usiku wa cheo!"

Kufika Alhamisi, Haitham alikuwa hasemi na mkewe. Thuraya alikuwa ameambiwa kwamba Ijumaa baada ya sala atarudishwa kwao, na kila mtu alijua kwamba msichana anayerudishwa kwao na mimba kwa sababu kama ile harudi tena, wala mtoto hapokelewi na upande wowote kwa moyo mmoja. Hakujitetea. Alisema mara moja tu kwamba ni mtoto wa Haitham, akapanga nguo zake kwenye begi.

Dada, kwa kutaka jambo liwe limekamilika, akaniagiza nimlete Mkunga. Alimtaka awe shahidi wa upande wake.

Njiani Mkunga alinilaumu kwa kwenda mbio. Nilipomweleza tarehe, kidole gumba kilitembea, kikafika mwisho, kikatulia. Hakutabasamu. Akauliza tu, "Hiyo ya Januari kaisema daktari kwa kuuliza au kwa picha ya tumbo?" Nikamwambia kwa vyote viwili, na vimekubaliana. "Haya," akasema, akafunga macho.

Tulimkuta Haitham ndani ya gari lake, mbele ya nyumba, injini inanguruma na ubaridi umewashwa, kama vijana wetu wanavyokaa wakiwa hawana pa kuweka nyuso zao. Mkunga akagonga kioo kwa pete.

"Zima, uingie."

"Bibi, mimi siwezi—"

"Sikukuuliza. Mke wako, tumbo lake, nyumba yenu, na wewe uko nje unapoza kiti? Yalla."

Ndani alikunywa kahawa kwanza. Alikula halwa. Akamwita Thuraya, akamkalisha karibu yake, goti kwa goti, akamnong'oneza jambo sikioni. Baadaye nilijua alimwomba ruhusa. Thuraya akatikisa kichwa kukubali. Kisha Mkunga akamgeukia Dada, wala si msichana.

"Ramadhani hii, jikoni mwako, nani alikuwa akipika?"

"Mimi na yeye," Dada akasema. "Kwa nini?"

"Alifunga zote?"

Wanawake wanapokuwa na udhuru wao wa kila mwezi hawafungi wala hawaswali, na siku zile hulipwa baadaye. Katika nyumba ya watu wawili mambo hayo hayafichiki. Anayepika futari anajua nani alikula mchana.

"Hakufunga zote," Dada akasema polepole. "Alipata udhuru wake."

"Lini?"

"Ilikuwa... kabla kidogo ya kumi la mwisho. Nnakumbuka, maana alisikitika. Alitaka kuswali zile nyusiku, akawa hawezi. Nikamwambia usilie, mwanangu, Mungu anaijua nia yako."

"Mpaka lini?"

Mimi nilikuwa nikitazama taa ya darini kwa bidii ambayo sijawahi kuipa taa yoyote.

"Nilikuwa nikimwekea chakula mchana mimi mwenyewe," Dada akasema, "kwenye kile kibakuli cha kijani. Mpaka..." Mkono wake ukapanda mdomoni. "Mpaka Ramadhani ishirini na tatu. Hata usiku wa ishirini na tatu hakuswali. Nilikwenda msikitini peke yangu."

"Na hiyo tatu Aprili yako ilikuwa Ramadhani ngapi?"

Haitham ndiye aliyeangalia simu. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. "Ishirini na tatu."

"Haya," Mkunga akasema. "Siku uliyomtia hatiani ndiyo siku uliyompakulia chakula cha mchana." Akainua mkono wake wa kulia, sote tuuone. "Daktari anasema mwanzo wa Rajabu. Turudi sasa kwa miezi ya Mungu. Mfunguo Tisa. Nane. Saba. Sita." Kidole gumba kilikwenda pingili kwa pingili. "Tano. Nne. Tatu. Pili." Akafika pingili ya tisa, akaisimamia bila kuitaja. "Haitham, mwezi huu uliobaki, siku ya Idi yake, ulikuwa wapi wewe?"

"Hapa," Haitham akasema. "Nyumbani."

"Khalas. Mimi simjui aliyeingia wala aliyetoka. Naweza kukosea siku kadhaa, mbele au nyuma, na daktari vilevile. Ninachosema ni kwamba hesabu haina ugomvi na huyu mtoto. Wenye ugomvi ni nyinyi." Akamgeukia Thuraya. "Una hakika na unalolisema?"

"Nina hakika, Bibi."

"Basi hilo ndilo nnalolitegemea. Vidole ni vya kuwanyamazisha hawa."

Haitham alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwishowe alikwenda chumbani, akarudi na begi la mkewe, na sote kwa sekunde moja hatukujua analipeleka wapi. Alilifungua palepale kwenye zulia na kuanza kutoa nguo moja moja, akizikunja vibaya mno.

"Wacha, unaziharibu," Thuraya akasema. Ndilo neno la kwanza alilomwambia mumewe wiki ile. Dada akaanguka magotini pa Thuraya, akilia, akimwita mwanangu, naye Thuraya, nimesema ni mtu wa namna gani, akasema samahani.

Njiani kurudi Azaiba nilimwambia Mkunga kwamba ameokoa nyumba. Akaniambia nipunguze mwendo. Nilipopunguza akasema, "Na kama asingepata udhuru Ramadhani, ingekuwaje? Kama mwezi wake ungekuwa na fujo, kama wa wengi? Ningesema nini? Msichana alikwisha sema. Neno lake lilitosha kabla sijavaa viatu." Alikasirika mpaka tukafika. Nadhani alichukia kwamba hesabu yake ilihitajika, yeye aliyeipenda kuliko sote.

Mtoto alizaliwa siku ambayo hakuna aliyeitaja, Mfunguo Tisa haujaisha. Mkunga alipoambiwa alisema, "Nilisema hakutia sahihi."

Tangu hapo kumbukumbu zake zimeanza kuondoka, kidogo kidogo, bila kuaga. Gari limeuzwa. Mimi ananiita kwa jina la ndugu yangu, na siku nyingine ananihesabia upya, na kila mara ninatoka mtoto wa masika, jambo linalonifariji. Neema ndiye anayejua dawa zipi asubuhi na zipi jioni, naye huketi mlangoni na kuwaambia wageni, "Msimuulize unanikumbuka au hunikumbuki, mnamchosha. Ingieni mumsalimie tu."

Mwezi uliopita Dada alitaka kumwona. Nikaenda nao: Dada, Thuraya, na yule mtoto, binti, ambaye sasa anatembea na kuvuta vitambaa vya meza. Thuraya ana mimba nyingine. Mkunga alikuwa kitini karibu na dirisha, shela imepigwa pasi. Binti akamwendea moja kwa moja, akashika pete yake.

"Huyu wa nani?" Mkunga akauliza.

"Wako, Bibi," Thuraya akasema. Akaketi karibu yake, goti kwa goti, akaushika ule mkono wa kulia na kuuweka tumboni pake. "Na huyu daktari anasema Shaabani."

Kitu kikaamka usoni mwa Mkunga. Macho yakapanda darini. Kidole gumba kikatafuta pingili, kikaipata.

"Rajabu," akasema. "Mfunguo Tisa. Nane. Saba. Sita..."

Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma pingili moja, kikasimama tena. Tulingoja. Neema pale mlangoni alishusha macho. Mimi nilijua kinachofuata. Mtu aliyesoma hujua mambo mengi wakati ambao si wake.

Ni Dada aliyeinama. Aliweka kidole chake juu ya kile cha Mkunga, taratibu, kama mtu anayemwongoza mtoto kusoma, akakisogeza mbele.

"Tano," Dada akasema. "Nne. Tatu."

Ilibaki pingili moja. Dada aliitazama, akamtazama mkwewe, kisha akavikunja vidole vya Mkunga kimoja kimoja mpaka mkono ukafunga, akaufunika kwa mkono wake.

"Basi, Bibi," akasema. "Tumefika mlangoni."

Mkunga akamwangalia kwa muda mrefu, mwanamke huyu ambaye sidhani alimjua jina. Halafu akatabasamu lile tabasamu.

"Wewe," akamwambia, "nani kakufundisha adabu?"